Mgeni wa Siku Tano

Neno kupumzika lina asili yake katika pumzi. Apumzikaye, kwa maana ya kwanza ya neno hili, si mtu alalaye wala aketiye bila ya kazi, bali ni mtu aliyekimbia au aliyebeba mzigo, akasimama ili pumzi zake zimrudie. Kwa sababu hiyo katika fikira za watu wa pwani mapumziko hayana makao yao wenyewe. Hukaa baina ya kazi na kazi, kama vile kituo kikaavyo baina ya mwendo na mwendo. Mchumaji wa karafuu hupumzika chini ya mkarafuu alioushuka, kisha akaupanda wa pili. Mvuvi hupumzika kivulini akitengeneza wavu wake, na mtu atazamaye jinsi vidole vyake viendavyo hawezi kusema kwa yakini kama mvuvi huyo yumo kazini au yumo katika raha. Mapumziko ya namna nyingine, yanunuliwayo kwa fedha na kuhesabiwa kwa usiku, ni bidhaa iliyofika Pemba majuzi, na watu wa kisiwa bado wanaitazama kwa mbali.

Kisiwa hiki ki kaskazini ya Unguja, na baina yake na Bara pana mkondo upatao kilomita 50, ambao kina chake mahali pengine hufika mita 800. Waarabu wa zamani walikiita Al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, wala hawakukosea. Unguja ni tambarare kwa sehemu kubwa; Pemba ni vilima na mabonde, na vilima vimevaa mikarafuu. Mwaka 1872 tufani kuu iliiangusha mikarafuu ya Unguja, ikaisaza ya Pemba kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba biashara ya karafuu ya Zanzibar. Baraka hiyo ilikuja na mzigo wake. Kwa miaka mingi kisiwa kilitazamwa kama shamba, wala si kama mahali pa kwenda mtu kustarehe. Watalii walipoanza kumiminika Unguja katika miaka ya 1990, Pemba ilibaki kando. Hata mwaka 2023, Zanzibar ilipopokea wageni zaidi ya 600,000 kutoka nchi za nje, walio wengi waliiona Unguja tu, wakarejea makwao.

Walakini hoteli chache zimejengwa, na chache hizo si za mtu wa kipato cha kawaida. Kaskazini, katika rasi ya Kigomasha, ng'ambo ya msitu wa Ngezi, iko hoteli iitwayo Manta, ambayo tangu mwaka 2013 ina chumba kielesacho baharini, kiasi cha mita 250 kutoka ufukweni. Chumba hicho kilibuniwa na msanii wa Uswidi, Mikael Genberg, ambaye mwaka 2000 alikwisha kujenga kibanda cha jinsi hiyo katika ziwa la nchi yake. Kina orofa tatu: ya juu ni ya kuota jua na kutazama nyota, ya kati i sawa na uso wa maji, na ya chini, yenye kitanda, imo ndani ya bahari mita 4. Usiku taa huwashwa nje ya madirisha, na samaki huja kumtazama mtu alalavyo. Wazee wa Makangale, walioijua bahari ile kama wanavyojua viganja vyao, hawakupata kufikiri kwamba itakuja siku ambapo mtu atatoa fedha ili alale mahali ambapo wao walipajua kuwa hufikwa kwa kuzama.

Si huko Kigomasha, lakini, alikofika mzee mmoja wa Maskati, mzaliwa wa Pemba, katika mwezi wa Septemba wa mwaka mmoja wa karibuni. Alifika katika hoteli nyingine ya pwani ya magharibi, yenye nyumba za miti na makuti zilizotengana kwa vichaka, kila moja na ngazi yake ya kushukia pwani. Safari hii hakuikusudia yeye. Binti yake, aliyezaliwa Maskati na aijuaye Pemba kwa masimulizi ya jikoni, alimwona baba yake amedhoofika baada ya maradhi marefu, akamnunulia siku tano za mapumziko katika kisiwa alichokuwa akikitaja kila siku. "Baba," alimwambia, "mara hii nenda ukapumzike, usiende kuzika." Kwani mara tatu alizorejea Pemba tangu alipoondoka zote zilikuwa za matanga.

Aliondoka mwaka 1972, akiwa kijana wa miaka ishirini. Miaka hiyo ilikuwa mizito. Mapinduzi ya mwaka 1964 yalikwisha kuwatawanya watu wengi. Kuingizwa kwa mchele kutoka nje kulizuiliwa, na mpaka leo watu wazima wa Pemba huitaja miaka ile kuwa miaka ya njaa. Mtu hakuweza kutoka kisiwani bila ya ruhusa, na ruhusa haikupatikana kwa urahisi. Karafuu zilikuwa mali ya kununuliwa na serikali peke yake, na aliyezivusha kwenda Mombasa, kulikokuwa na bei kubwa zaidi, alihesabiwa kuwa mhalifu mkubwa. Pwani zikalindwa kwa ajili hiyo, na hata leo kikosi cha baharini cha Zanzibar, KMKM, kina jina la siku zile: Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo. Kwa hiyo kijana wa wakati ule hakukaa ufukweni usiku kutazama mwezi. Mwezi ulikuwa adui. Alivuka katika usiku wa giza, katika mashua iliyofichwa mikokoni, na mtu aliyemsindikiza mpaka maji yakamfika magotini alikuwa dada yake mkubwa, ambaye alimpa mihogo miwili iliyochemshwa, imefungwa katika kipande cha kanga. Kutoka Mombasa alifika Maskati, ambako tangu mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala, watu wengi wenye asili ya Oman waliokuwa Zanzibar walipata kupokewa. Huko alifanya kazi, akaoa, akazeeka.

Sasa aliketi katika kiti kirefu cha nguo, miguu imenyoshwa, akiutazama mkondo uleule. Asiseme mtu kwamba raha aliyoipata ilikuwa ya uongo. Pepo za kusi zilikuwa zimepungua ukali, maji yalijaa na kupwa chini ya ngazi yake, na adhuhuri ya siku ya kwanza, baada ya sala, alilala usingizi ambao daktari wake wa Maskati alishindwa kumpa kwa dawa. Alipoamka alikuta dafu limewekwa karibu yake na mtu ambaye hakumsikia kuja wala kwenda. Katika nyumba yake mwenyewe mzee huyu hakupata kuhudumiwa kwa ukimya wa namna ile. Watu wanaozidharau raha za hoteli aghalabu ni watu wasiopata kuwa wagonjwa.

Kijana aliyembebea mfuko wake alikuwa wa kijiji cha jirani. Kwanza alimsemesha kwa Kiingereza, kama alivyofundishwa, mzee akamjibu kwa Kiswahili, na kijana aliposikia lafudhi yake alicheka kwa furaha, akasema, "Kumbe babu ni wa hapa!" Tangu hapo akawa anamletea habari pamoja na chai: nani ameuza shamba, karafuu za mwaka huu zimezaa vipi, barabara ipi imetiwa lami. Lakini mbele ya msimamizi wake alirudi katika Kiingereza chake, na mzee akawa tena bwana wa nyumba namba fulani. Neno walilotumia wafanyakazi wote kwa watu waliolala pale lilikuwa moja tu: wageni. Wageni wamekula, wageni wamekwenda kupiga mbizi, wageni wawili wameomba taa.

Neno hili lastahili kutuliwa kidogo. Watu wa pwani wana msemo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako waufasirio msemo huu kuwa ni wa choyo, kana kwamba mwenyeji amechoka kulisha. Yaelekea maana yake ya ndani ni kinyume cha hivyo. Siku mbili za kwanza mgeni hupewa kitanda kizuri na kitoweo kizuri, naye huketi kama picha, kwa kuwa hana mahali pake katika nyumba. Jembe la siku ya tatu ndilo limpalo mahali. Alimaye pamoja na watu wa nyumba hula pamoja nao, huteta pamoja nao, na akikosea hukaripiwa. Hoteli haimpi mtu jembe. Mtu aweza kukaa humo siku thelathini, na siku ya thelathini ataletewa dafu kwa adabu ileile ya siku ya kwanza. Basi hakuna mtu ambaye ugeni wake hukoma pale, isipokuwa kwa kuondoka. Kwa mtu aliyetoka nchi ya mbali kustarehe jambo hili si aibu. Ndilo hasa alilolinunua. Kwa mzaliwa wa kisiwa hesabu yake ni nyingine.

Siku ya pili alichukuliwa kwa mashua pamoja na wageni wengine kwenda Misali, kisiwa kidogo cha miti na mchanga kilicho magharibi ya Pemba, ambako wavuvi hupiga dago kwa majuma. Wageni walivaa miwani ya maji wakaenda kutazama matumbawe. Mzee alibaki mchangani na nahodha, nao wakakumbushana kisa cha kisiwa, ambacho kila mtoto wa pwani ile hukisikia. Yasemekana kwamba Nabii Hidhiri alifika hapo, akawaomba wavuvi msala wa kusalia, hawakuwa nao. Akasema kwamba kisiwa chenyewe, kilivyolala kuelekea kibla, kitakuwa msala wake, na ndipo kikaitwa Misali. Mwaka 1998 kisiwa na maji yake vilifanywa hifadhi. Na palipoonekana kwamba wavuvi hawakuzijali sana amri za serikali, mafunzo yalitolewa kwa aya za Qurani, kwamba mwanadamu ni mwangalizi wa viumbe wala si mharibifu wao, na mafunzo hayo yakaingia masikioni kuliko amri. Nahodha aliongeza neno lake mwenyewe: kwamba Hidhiri alikuwa mgeni mwema, kwani alikosa alichokitaka na hakumlaumu mtu, bali aliacha jina.

Siku ya tatu ilikuwa ya bamvua. Kiasi cha saa nne ya asubuhi bahari ilijitoa mbali, mwamba ukabaki wazi mbele ya hoteli, na wanawake wa kijiji wakapita ufukweni na vikapu vyao kwenda kuchokoa pweza. Kazi hii yataka jicho. Pweza huufanana mwamba kwa rangi, na tundu lake hujulikana kwa vipande vya magamba alivyovila na kuvitupa mlangoni, hivyo kwamba ulafi wake ndio umsalitio. Baadhi ya wageni walisimama kupiga picha. Mzee aliketi katika kiti chake, mguu juu ya mguu, kofia ya jua kichwani na miwani myeusi machoni. Mwanamke mmoja wa makamo, aliyekuwa nyuma ya wenziwe, aliinua mkono akamwambia, "Jambo!"

Mtu asiye wa pwani hataona neno lolote hapo. Lakini Waswahili hawaamkiani hivyo. "Jambo" tupu, lisilo la nani wala la wakati gani, ni amkio lililotengenezwa kwa ajili ya watu wasiojua lugha. Humpa mgeni heshima yake na papo hapo humwonyesha mpaka wake. Mzee alivua miwani akajibu, "Sijambo, mwanangu. U hali gani, na nyumbani wote wazima?"

Mwanamke alisimama kama aliyekanyaga mwiba. Akaweka kikapu chini, akafunika vizuri kanga yake kichwani. "Shikamoo, babu. Nisamehe, nalidhani mgeni." Yakafuata maswali yafuatayo siku zote: kwenu wapi, wa ukoo gani, nani wako aliyebaki. Mzee akamtaja dada yake na kijiji chake cha vilimani. Mwanamke alimjua; binamu yake ameolewa huko. Akatazama nyumba ya makuti, kitanda chenye chandarua cheupe kilichoonekana mlangoni, kisha akamtazama mzee, na kwa upole kabisa, pasipo nia ya kumtahayarisha, akauliza, "Sasa, babu, mbona walala huku?"

Usiku ule hakuupata ule usingizi.

Ni kweli kwamba alikusudia kumwona dada yake. Alikuwa ameiweka ziara hiyo siku ya tano, akiwa njiani kurudi, na zawadi alizomchukulia zilikuwa mfukoni. Alijisemea kwamba mgonjwa hapaswi kumfikia mtu mzima wa miaka themanini kabla hajapata nguvu. Alijisemea pia kwamba fedha za binti yake zimekwisha kulipwa. Sababu zote mbili zilikuwa nzuri, na mtu mwenye sababu mbili nzuri kwa jambo moja mara nyingi huwa anaikimbia ya tatu. Dada huyu hakuondoka. Yeye ndiye aliyezika wazazi, akachuma karafuu, akapanda mwani baharini kilimo hicho kilipofika Pemba, akalea watoto wa ndugu. Kumwendea kwa matanga kulikuwa rahisi, kwa kuwa katika matanga kila mtu ana kazi ya kufanya. Kumwendea akiwa mtu aliyekuja kustarehe kulikuwa shida.

Asubuhi ya siku ya nne alipanda gari akaenda. Habari zilikwisha kutangulia. Kisiwani habari hazingoji gari. Alikuta chumba cha mbele kimefagiwa na mkeka mpya umetandikwa. Alimwamkia, "Shikamoo, dada." Naye akaitikia, "Marahaba. Karibu, mgeni." Akaletewa maji ya kunawa katika birika, na sinia limefunikwa kwa kawa: wali wa nazi, kuku, ndizi. Wajukuu waliambiwa wasipige kelele. Kisha dada akatoka, akamwachia nafasi, kama ilivyo adabu kwa mtu wa heshima. Mzee alikula peke yake katika nyumba aliyozaliwa dada yake na yeye, na chakula kilikuwa kizuri sana.

Alipomaliza alimwita. "Dada, mbona hukula nami?"

"Mgeni hustiriwa," alijibu. Akakaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, akinyosha miguu yake iliyovimba. Baada ya kitambo alisema, bila ya hasira, kama mtu asimuliaye habari ya watu wengine: "Ulipoondoka nilikusindikiza usiku, maana mchana hapakuwa na njia. Leo waja mchana, hapana wa kukuuliza. Na bado walala pwani."

Mzee alimweleza habari ya maradhi, na ya binti yake, na ya siku tano zilizolipiwa. Dada alisikiliza yote. Akauliza kitu kimoja tu: "Zimebaki siku ngapi?"

"Usiku mbili."

Hakujibu. Alikuwa akisikia wachumaji wanarudi kutoka shambani, na kazi ya nyumba ile katika msimu haingoji mazungumzo. Karafuu zilimwagwa uani, fungu kubwa la kijani na wekundu, na baada ya sala ya magharibi taa ikawekwa katikati, majirani wakaketi kuzunguka fungu na nyungo zao. Kuchambua karafuu ni kazi ya usiku: hushikwa kishada, karafuu zikavunjwa kwa kiganja na kuachanishwa na makonyo yake, kwa kuwa zikicheleweshwa hadi kesho nyingine huanza kuharibika kabla ya kuanikwa. Ni kazi isiyohitaji nguvu, nayo huacha kinywa huru. Mambo mengi ya Pemba, ndoa na talaka na madai ya mipaka, yamekatwa juu ya mafungu ya karafuu kuliko yaliyokatwa mahakamani.

Mzee alivua saa yake, akainua kanzu, akaketi juu ya jamvi. Dada alimtazama mara moja. Hakusema karibu. Alichota kwa mikono miwili, akasukuma mbele yake sehemu iliyokuwa kubwa kuliko ya watoto na ndogo kuliko yake mwenyewe. Vidole vya mzee vilikuwa vimesahau, alivunja makonyo pamoja na vichwa, na mjukuu mmoja wa dada yake akacheka akasema, "Babu hajui!" Dada akasema kwamba babu huyu zamani alikuwa akiwashinda wote, ila alikuwa akificha makonyo chini ya jamvi ili aonekane amemaliza. Watu wakacheka. Mzee alikanusha. Akaletewa ushahidi wa mwaka, na mahali, na kofi alilopigwa na mama yao kwa ajili hiyo.

Simu yake ililia mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya hoteli, wakiuliza kama mgeni atarudi kwa chakula cha usiku. Akawaambia wasimngoje, wala leo wala kesho. Ya pili ilikuwa ya Maskati. Binti yake alitaka kujua hali yake, na kelele zile ni za nini, na kama kweli anapumzika. Mzee alimwambia ampigie baadaye, kwa kuwa fungu lake lilikuwa bado. Dada, pasipo kuinua kichwa, akasema kijana aulizwe yeye atakuja lini.